Mtamba Aliyegeuka Baiskeli

Mume wangu Clementi Wanzagi anapenda baiskeli kuliko anavyopenda kula, na mtu asiniambie natia chumvi. Nimeishi naye tangu mwaka ule wanajeshi walipokuwa wanarudi kutoka Uganda, namjua. Akiona baiskeli imeegemezwa ukutani hapa Nyamuswa, hata kama ni ya mpita njia, lazima ainame aangalie cheni. Akiikuta kavu anasikitika utafikiri amekuta mtoto wa mtu hajala. Watu wanamcheka. Mimi nilishaacha kucheka, kwa sababu najua baiskeli yake ilitoka wapi na nani aliilipia. Naeleza mimi, Wankyo, mke wake, maana hapa kijijini kila mtu analisema jambo hili kwa namna yake na wengi wanaongopa.

Alianza akiwa bado mtoto wa kuchunga. Katekista wa wakati ule alikuwaga na baiskeli nyeusi, ndefu, na kila Jumapili akishaingia kanisani watoto walikuwa wanagombania kuifuta vumbi. Malipo ya kufuta ilikuwa kuizungusha uwanjani mpaka misa iishe. Clementi alikuwa mfupi, hafiki kwenye siti, kwa hiyo alipenyeza mguu chini ya lile bomba la juu la fremu, akaendesha amejipinda upande mmoja. Aliyekuwa anamshikilia kwa nyuma asianguke ni dada yake, Gati. Gati alikuwa mkubwa kwake, ana nguvu, na alikuwa anakimbia nyuma ya ile baiskeli mpaka kitambaa cha kichwa kinadondoka. Yeye mwenyewe hakupanda hata mara moja. Msichana kupanda baiskeli ilikuwa aibu, watu wangesema kwao hakuna wakubwa. Basi kazi ya Gati ikawa kusukuma, kazi ya Clementi ikawa kuendesha, na wote wawili wakaona ni sawa.

Sasa mtu asiye wa huku inabidi nimfafanulie. Kwetu, ng'ombe wa mahari ya dada ndio wanaomwolea kaka yake. Gati alipoolewa Buhemba na mwanamume anaitwa Keraryo, ng'ombe walikuja kwenye zizi la baba mkwe wangu, mzee Wanzagi, na baadaye wakaswagwa kwenda kwa baba yangu, nikaolewa mimi. Ndiyo maana huku mke anamheshimu sana wifi yake. Asingeolewa yeye, wewe ungekuwa bado uko kwenu unapuliza moto wa mama yako. Ng'ombe hao waliondoka wote isipokuwa mmoja, mtamba mwekundu mwenye paji jeupe. Baba yangu hakuwa mtu wa kung'ang'ania, alisema waliokuja wanatosha. Mzee Wanzagi akamwambia Clementi, "Huyu ni wa dada yako. Mwache azalie hapa. Siku dada yako akipata shida, awe na kitu."

"Sawa, baba," Clementi akaitika.

Haukupita muda akatokea kijana mmoja aliyekuwa anafanya kazi kiwandani Musoma. Kijana anataka kuoa, ng'ombe hana, ila ana baiskeli mpya, fremu yake bado imezungushiwa karatasi. Miaka hiyo baiskeli haikuwa kitu cha kuingia dukani ukanunua. Dukani kulikuwa na nini? Rafu tupu na muuzaji anapiga mwayo. Tulikuwa tunafulia majani ya mpapai, sukari mpaka ufiwe. Baiskeli zilikuwa zinatolewa kwa kibali, na kibali kilikuwa kinaenda kwa wanaojuana. Clementi akaizunguka ile baiskeli, akagusa kengele, akaisha. Jioni mzee Wanzagi anarudi kutoka shambani, anakuta mtamba hayupo, na mwanaye anazunguka uwanjani anacheka peke yake.

Mzee hakumpiga, mtu alikuwa ameshaoa. Alimwambia tu, "Umemla mtamba wa dada yako," akaingia ndani.

Na mimi nisijifanye mtakatifu, nilipenda kubebwa. Jumapili nakaa kwenye keria, kitenge kimefungwa vizuri, wenzangu wanakanyaga vumbi, mimi napita. Halafu Clementi anajua kuendesha. Hata pale penye mawe, ukiwa umebeba mayai yanafika. Tyubu zilipoadimika kabisa alijaza tairi majani makavu ya migomba, na tairi likipasuka analishona kwa ngozi. Aliwapeleka wagonjwa zahanati, alibeba pamba ya wajane mpaka kwenye mizani, na hakumdai mtu. Hakuna aliyewahi kumwita mchoyo. Nasema haya ili ieleweke kwamba sikuolewa na mtu mbaya.

Gati akaja mwaka ule walipokuwa wanawakamata wahujumu uchumi. Alikuja kwa miguu kutoka Buhemba, mdomo umepasuka, jicho moja limefunga. Keraryo alikuwa anampiga kwa sababu hajamzalia. Alikaa kwenye kigoda changu, akanywa maji, akasema, "Sirudi. Kama ni ng'ombe, warudisheni."

Na ndivyo ilivyo, mwanamke haachiki mpaka ng'ombe wake warudi. Mzee Wanzagi hakubishana na binti yake. Akatuita wote akasema, "Ng'ombe waliomwoa Wankyo nitawalipa mimi kutoka kwenye zizi langu, kwa sababu kuoa ni kazi ya ukoo. Yule aliyenunua starehe atalipwa na mwenye starehe." Akamtazama Clementi. Kesho yake asubuhi akaswaga ng'ombe wake hadi Buhemba, akawaacha kwa Keraryo, akawaambia wazee wa kule kwamba huyo mmoja aliyepungua anakuja wiki hiyo hiyo. Alikuwa anamwamini mwanaye.

Wala haikuwa kazi ngumu. Wakati huo baiskeli ilikuwa na thamani kuliko ng'ombe. Alikuja mchimbaji dhahabu mmoja hapa kwangu, nikampa maji kwa mkono wangu, akaitazama baiskeli akasema yuko tayari kutoa mtamba mwenye mimba. Mwenye mimba, jamani. Clementi alikuwa na haja ya kusema ndiyo tu, jioni ile dada yake awe huru. Akakuna kichwa. Akasema, "Ngoja kwanza pamba ilipwe. Tukilipwa pamba nitanunua mtamba, sitakuwa na haja ya kuiuza."

Pamba yenyewe tulikuwa tumeshaikabidhi, tumepewa vipande vya karatasi, na mwaka huo malipo yalikuwa yanachelewa mpaka watu wanasahau. Nikamwambia mbele ya Gati, "Baba Hyasinta, uza." Mchimbaji akaondoka, akapata baiskeli kwingine.

Wazee wa Keraryo wakaja. Wakasema mwanamke haachiki vipande vipande, ama mtamba ama mtu. Clementi akawaambia wavumilie, wakasema wamevumilia. Basi Clementi akaitoa baiskeli, akapangusa keria kwa mkono, akasema, "Dada, ni mpaka pamba ilipwe tu. Nitakuja kukuchukua mwenyewe."

Gati hakulia. Alikaa kwenye keria, nikampakatisha kifurushi chake. Alinitazama mimi, si yeye, akasema, "Wifi, mkumbushe." Wakashika njia ya Butiama. Mzee Wanzagi alikuwa amesimama mlangoni kwake, anaangalia mwanaye anavyomrudisha binti yake juu ya yule yule mtamba wake aliyegeuka baiskeli, na Keraryo anabaki na mke, na ng'ombe anawashikilia mpaka huyo mmoja afike. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Pamba ikalipwa. Chumvi ilikuwa imeisha, jembe limekatika, mtoto wetu Hyasinta akashikwa na malaria ya kichwa, pesa ikaisha. Msimu uliofuata upepo ukaezua paa. Uliofuata tena, sijui nini. Nilimkumbusha kama nilivyoagizwa, nilimkumbusha mpaka nikaitwa mkorofi. "Uza baiskeli," nikamwambia. "Nitabebea nini pamba?" akauliza. "Kichwani, kama wenzako." Anachukua kitambaa, anaanza kufuta spoku. Mtu akizidiwa na jambo kila mmoja ana namna yake ya kukimbia, huyu wangu alikuwa anafuta spoku.

Lakini lilikuwa linamla. Alikuwa anapigaga mluzi akiendesha, aliacha. Akiwa na safari ya Musoma alizunguka njia ya Bunda, ndefu maradufu, asije akakutana na watu wa Buhemba wakampa habari. Habari zilikuja hata hivyo. Gati amejifungua. Gati amejifungua tena. Gati amepigwa kofi, sikio la kushoto halisikii. Siku aliyosikia hilo la sikio, Clementi alikuwa ameshika kijiko, akakiweka chini, akasema, "Ni mimi." Sikumbishia. Mzee Wanzagi naye akafariki bila kupanda baiskeli ile hata mara moja, hata kupelekwa hospitali alitaka abebwe kwa machela.

Halafu ikaja ile enzi ya ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikaja, sabuni za kila rangi, na baiskeli zikapangwa nje ya maduka ya Bunda, zinang'aa, ukitaka nyekundu ipo, ukitaka ya kijani ipo. Watu walifurahi, hata mimi nilinunua kanga mbili. Clementi peke yake hakufurahi. Siku moja aliondoka asubuhi na baiskeli yake, hajaniambia, akaenda kuiuza kwa mtu wa mifugo mnadani. Yule mtu aliizungusha tairi akacheka. "Mzee, kwa hii siku hizi labda nikupe beberu," akamwambia, "na beberu mwenyewe awe anaumwa."

Alirudi anaisukuma, hajaipanda. Alikaa uani akalia mbele ya watoto, kamasi zinamtoka, hajali. Akasema, "Wankyo, niliiona inang'aa nikaona haitapungua." Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, miaka yote nilikuwa nimeyaweka, lakini nikayameza. Nikampa maji ya kunawa.

Kuanzia hapo akaanza kubeba mapanki. Viwanda vya Musoma vilikuwa vinachukua minofu ya sangara kwa wazungu, sisi tunabakiwa na mifupa na vichwa. Alikuwa anayapakia kwenye matenga mawili, anapandisha nayo huku milimani, anauza. Harufu haikutoka mwilini hata aoge vipi. Alinunua ndama, akafa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Akarudi tena barabarani, akanunua mwingine, huyu akamlea kama mtoto, anamtoa kupe kwa vidole vyake. Miguu yake ilikonda ikawa mishipa mitupu. Kuendesha kulikuwa raha yake tangu utotoni, sasa nikimwangalia anapandisha kilima naona anajichapa.

Katika miaka hiyo hiyo ndipo alipomfundisha Hyasinta, binti yetu mkubwa. Majirani wakasema ataharibika. Clementi akawajibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Atapanda. Kama kuna wa kusukuma ni mimi." Alikuwa anakimbia nyuma ya mtoto, mtu mzima, matumbo yanagonga, mpaka mtoto akajua. Nadhani hiyo ndiyo raha pekee aliyojiruhusu.

Mtamba alipofikia umri akamswaga hadi Buhemba kwa miguu. Nilikwenda naye, nilitaka nione kwa macho yangu. Keraryo alikuwa amezeeka, tumbo limetangulia. Akamkagua mtamba, midomo, kwato, akawaita wazee, wakakubali. Wakaamua pia kwamba watoto wanabaki kwa baba yao. Hapo ndipo nilipoelewa vizuri tulichokifanya. Mwaka ule alipokuja kwangu na mdomo uliopasuka, Gati hakuwa na mtoto. Angetoka na kifurushi chake, basi. Sasa alikuwa na watatu, na kila mmoja alizaliwa tukiwa tunasubiri pamba.

Gati alikaa nao ndani kwa muda mrefu. Sisi tuko nje tumesimama juani, hakuna anayemtazama mwenzake. Alipotoka alikuwa amefunga kifurushi, macho mekundu, lakini anatembea kwa nguvu zake. Tulipofika barabarani Clementi akasema, "Twende nyumbani, dada."

Alimgeuzia sikio la kulia. "Unasemaje?"

"Twende nyumbani."

"Clementi," akasema, taratibu kabisa, "pamba imelipwa mara ngapi?"

Gati akanishika mkono mimi, akaubana, halafu akashika njia yake. Hakuja kwetu siku ile, na hajaja mpaka leo.

Alipanga chumba Nyasura, pale Bunda, akaanza kuuza dagaa sokoni. Clementi alipojua akaenda. Akajipanga kwenye foleni na wateja wengine. Mnajua dagaa wanavyouzwa. Unapimiwa kopo, limejaa kilima, halafu muuzaji anakuongezea mkononi kidogo, nyongeza, hata kama hakujui, ili urudi. Mtu wako wa karibu unamwongezea mpaka unapata hasara. Gati alimpimia Clementi kopo, akapitisha kiganja juu likawa sawasawa, akammiminia kwenye mfuko. Akachukua pesa, akasema asante, akamgeukia mteja anayefuata akamwongezea.

"Labda hajakuona vizuri," nilimwambia.

"Ameniona."

Wiki iliyofuata akaenda tena. Na iliyofuata. Kutoka hapa mpaka Bunda si mchezo, na dagaa tunapata hapa hapa gulioni, tena kwa bei nzuri. Nyumba yangu ikanuka dagaa, kuku wanakula dagaa, paka amenenepa. Kila akirudi nafungua mfuko, naona ni kopo lile lile, limekatwa juu. Sikumuuliza tena. Anaweka baiskeli, ananawa, anakaa.

Mwaka jana goti lilimvimba, hawezi kukanyaga pedeli. Ilipofika siku yake ya kwenda Bunda alihangaika kama mtu aliyekosa misa. Hyasinta akasema, "Baba, si niende mimi?" Akafikiri, akamruhusu. Akamkagulia breki yeye mwenyewe, amekaa chini na goti lake limenyooshwa.

Mtoto alirudi alasiri, anahema, amefurahi. Mfuko ulikuwa umejaa mpaka ameufunga kwa kipande cha kanga.

"Mama, shangazi ana maneno," akasema. "Kaniuliza mimi wa nani, nikasema wa Clementi wa Nyamuswa. Kaniuliza nimekuja na nini, nikasema na baiskeli. Akasema naongopa. Akaacha meza yake akanifuata mpaka nje, akaniambia nizunguke aone. Nikazunguka. Akawa anapiga makofi, watu wote wanamtazama."

Clementi alikuwa anasikiliza amekaa mlangoni, mdomo wazi. Nilimwona anaanza kutabasamu, na nikafurahi kwa ajili yake, Mungu ananiona.

"Halafu akapima kopo," Hyasinta akaendelea, "akaongeza, akaongeza, nikamwambia inatosha shangazi, akaongeza tena. Akasema za kopo ni za nyumbani. Hizi za juu ni zangu mimi, mtu mwingine asizile."

Mtoto hakujua anachokisema. Aliniachia mfuko akakimbilia kivulini. Mimi nikazichambua, nikaziunga kwa nyanya na kitunguu, nikasonga ugali, nikaandaa. Clementi akavuta kigoda, akaangalia bakuli.

"Za nyongeza ziko wapi?" akaniuliza.

"Nimepika zote, Baba Hyasinta. Dagaa nitazitenganishaje?"

Nilimwonea huruma na hasira nayo ikanipanda, vyote kwa pamoja, nikamwambia, "Kula bwana, nani atajua?"

"Mimi," akasema. Akasogeza bakuli lote mbele ya binti yake, akaomba chumvi, akala ugali mkavu.